MAJI YA KIJENGE, CHUMVI YA PANGANI

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kijenge, Arusha)



Mmeniomba nieleze kazi yangu ya ngoma na sinema huko pwani, na wengine mmeniuliza: sisi wa mlimani, bahari inatuhusu nini? Jibu linapita mjini kwetu. Maji ya Mto Themi huingia Kikuletwa, yakafika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yakashuka na Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Njiani tunamwagilia mashamba na kuzalisha umeme. Yanayofika chini ni machache, na bahari nayo inapanda kwa sababu dunia inazidi joto. Basi chumvi inapanda mtoni, minazi na mashamba ya kando yanaharibika.

Nilitengeneza sinema fupi juu ya jambo hilo. Katika kijiji kimoja karibu na Pangani nilitundika shuka jeupe, nikawasha jenereta. Nilionyesha pia kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa walitaga huko kwa wingi. Tangu miaka ya 1980 kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Nilieleza kwa kujiamini kwamba kimeliwa na bahari. Watu walitazama kimya, wakapiga makofi, wakaenda kulala.

Asubuhi nilikumbuka habari za Malya, mkoani Mwanza. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wananchi wa hapo, wakatumia ngoma za wenyeji kujadili matatizo yao, likiwemo la wasichana kupata mimba. Wananchi walitafuta jawabu wenyewe. Mimi nilikuwa nimewapelekea jawabu langu, limekwisha kupikwa.

Jioni ile tukaomba ngoma yao. Vijana wakaigiza mawimbi, akina mama wakaigiza minazi inayokauka. Mara mzee mmoja mvuvi akaingia uwanjani, akaigiza mtu anayekata mti kwa shoka. "Bahari peke yake?" akauliza. "Mikoko tuliikata nani? Na mivinje ya Maziwe?" Ngoma ikasimama, mabishano yakaanza. Alisema kweli: sababu za kupotea kwa kisiwa kile ni zaidi ya moja, nami nilikuwa nimetaja moja tu.

Kisha akanigeukia. "Na wewe mwanangu unayetoka Arusha, maji yetu huko kwenu mnayafanyaje?"

Ndugu zangu, sikuwa na la kumjibu. Swali lake ndilo nililowaletea leo. Naomba kikundi cha ngoma cha shule yetu kiende kando ya Themi, kikacheze jibu letu pamoja na wakulima wa huko, bila kuficha aibu yetu. Mimi nitapiga picha, na sinema hiyo nitaipeleka Pangani kwa mkono wangu. Naomba mchango wa nauli, na zaidi ya nauli, ukweli wenu.