Matamshi na Usomaji wa Mtoto Afundishwaye Nyumbani

Mtoto afundishwaye kusoma nyumbani, Mbeya au Iringa, huweza kutamka "lafiki" palipoandikwa "rafiki", akahukumiwa kuwa hajui kusoma. Hukumu hiyo huchanganya mambo mawili. Kinyakyusa cha Rungwe na Kyela, na Kihehe cha Iringa, havina fonimu /r/ iliyo tofauti na /l/. Kosa hilo basi laweza kuwa la matamshi tu. Kipimo chake ni chepesi: mtoto aandikiwe "kula" na "kura" mara kadhaa bila mpangilio, naye aeleze maana ya kila neno. Akipatia, herufi anazitambua.

Udhaifu wenyewe hujificha kwingine. Mtoto aimbaye "ba, be, bi, bo, bu" huenda amekariri wimbo. Silabi zikichanganywa ndipo ujuzi wake hudhihirika. Aidha, si kila silabi huishia kwa irabu: "mtu" huanza na silabi ya "m" pekee. Tena sauti ya kwanza ya "ng'ombe" si ile ya "ngoma", na ritifaa ndiyo ielezayo tofauti hiyo.

Mazoezi ya mzazi yaelekezwe huko. Mtoto akikatizwa kila neno kwa ajili ya lafudhi, hupoteza maana ya sentensi, na hatimaye hamu ya kitabu.