Mistari imejaa, mbona sauti inakatika?

[Muziki unashuka]

Swali la leo mmetuletea wengi hapa Nyarugusu: "Waifai ya kituo imejaa mistari yote, lakini nikimpigia mama Uvira sauti inakatika. Kwa nini?" Sogeza redio karibu.

Kwanza, waifai siyo intaneti. Waifai ni mawimbi ya redio kati ya simu yako na ruta, kile kisanduku chenye taa kilichofungwa ukutani. Ile mistari kwenye kioo inapima njia hiyo fupi tu. Kutoka kwenye ruta kwenda duniani kuna safari nyingine, ya nyaya, ya mnara au ya satelaiti, na hiyo kioo chako hakiioni. Ndiyo maana unaweza kuwa na mistari yote na usipate kitu. Halafu ukikaa nyuma ya mabati, hata mistari itapungua, maana bati huyarudisha mawimbi.

Sasa sauti yenyewe. Ukipiga kwa intaneti, simu inageuza sauti kuwa namba, kisha inaikatakata vipande vinavyoitwa paketi. Katika simu nyingi za aina hii kipande kimoja hubeba sehemu moja ya 50 ya sekunde, kwa hiyo neno "mama" peke yake linaweza kusafiri kwa vipande 20 na zaidi! Kila kipande kimeandikwa anwani ya kinakokwenda, anwani ya IP, kama mizigo yetu ilivyoandikwa majina siku ya kupanda lori.

Kipande kikipotea njiani, mazungumzo hayakisubiri. Hapo ndipo unasikia "ume... kula... toto". Meseji ya sauti ni tofauti: kilichopotea kinaombwa tena mpaka vyote vitimie, hata ikichukua dakika kumi. Basi mtandao ukiwa mzito, acha kupiga, rekodi. Mama atakusikia mzima.

Kuna pia kuchelewa. Satelaiti zile za zamani zipo juu karibu kilomita 36,000. Sauti kupanda na kushuka ni kama robo ya sekunde, na jibu nalo robo nyingine. Ndiyo sababu mnaongea kwa pamoja, kisha mnanyamaza kwa pamoja, kila mtu anafikiri mwenzake amekasirika. Hajakasirika. Maliza sentensi, hesabu moja, mbili, ndipo useme tena.

Na kumbukeni kwamba ruta moja tunaigawana. Vijana watano wakipakua mpira hapo kituoni, paketi za mama yako zinasubiri foleni kama sisi siku ya mgao. Nendeni mapema asubuhi.

Jambo la pesa, hili sikilizeni vizuri. Simu ya kawaida hulipa anayepiga. Simu ya intaneti inakula bando pande zote mbili. Wewe hapa unatumia waifai ya bure, lakini mama kule anachoma mega zake alizonunua kwa shida, na picha ya video inachoma nyingi kuliko sauti. Muulize kwanza, "Mama, una mega?" Kama ana kitochi, intaneti haitamfikia kabisa, mpigie kwa vocha.

La mwisho ni namba 6 za WhatsApp zinazokuja kwa meseji. Hizo ni ufunguo wa akaunti yako. Mtu akikupigia akisema ni mfanyakazi wa shirika na jina lako limetoka kwenye orodha ya safari, akaomba umsomee namba hizo, kata simu. Akizipata ataingia kwa jina lako na kuomba pesa kwa ndugu zako wote. Leo usiku fungua mipangilio, ingia kwenye akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri unayoijua wewe peke yako.

[Muziki unapanda]