Vitabu Vyangu Vitatu



Mchungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya wenzangu wa Kitale, na ninyi ndugu zetu mliopanda matatu alfajiri kutoka Bungoma, karibuni. Nimepewa dakika kumi niseme juu ya vile vitabu vilivyo mezani pale nyuma. Nitajaribu, ingawa mnajua sisi alto tukipewa nafasi hatunyamazi.

Kitabu cha kwanza ni kaunta buku la miaka ya 80. Nilikuwa msichana, na sikuwa na haja ya kuandika historia ya mtu. Niliweka tu vikaratasi: programu za harusi tulizoimba, risiti za vitambaa vya sare, tiketi za basi. Gundi niliipika mwenyewe kwa unga wa ngano. Mende waliipenda sana, ndiyo maana kurasa zile zina matundu. Picha ni chache. Filamu moja ilitoa picha 36, na mpiga picha alikuja Pasaka na Krismasi. Unalipa kwanza, unangoja wiki mbili. Kwa hiyo tumesimama wima kama askari, hakuna anayecheka.

Cha pili ni albamu ya miaka ya 90, yenye kurasa za kunata. Hapo nilianza kujiona mtu wa maana. Nikapamba kwa kalamu za rangi na maua niliyokata kwenye kadi za Krismasi. Humo mna safari zetu za Bungoma kwa lori la mahindi: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, na tukikaribia Webuye kila mtu anaziba pua kwa harufu ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, huku mwalimu wa kwaya akitulazimisha tuendelee kuimba. Kiwanda kilifungwa 2009. Vijana wanaona picha, lakini harufu ile hawaijui.

Sasa nifike kwenye ukurasa ambao wengi mmeuona na hamkuniuliza.

Tulirekodi kaseti, kaseti ikauzwa, na pesa zikaleta maneno. Mnaojua mnajua. Wenzetu tisa walitoka, na wengi wao wakahamia Bungoma wakaanzisha kwaya. Nilikasirika, hasa kwa mmoja wao, soprano, ambaye tulikuwa tukila sahani moja. Nikachukua picha kubwa ya Pasaka, ile ya sare mpya za buluu, nikabandika programu ya ibada ya mavuno juu ya upande wao wote. Nilitumia gundi ya dukani, ile kali. Nikajiambia ninalinda heshima ya kwaya.

Miaka ikapita. Jioni moja kijana akanipigia simu kutoka Bungoma. "Mama, hujambo. Mimi ni mtoto wa fulani. Mama ametuacha juzi. Picha zake za ujana zilipotea tulipokimbia vita vya Mlima Elgon. Tumeambiwa wewe huweka kila kitu."

Usiku ule nilikaa jikoni na sufuria ya maji yanayochemka, nikishikilia ukurasa juu ya mvuke na kukwangua kwa kucha. Programu ilitoka vipande vipande, na uso wake ukatoka nayo. Kilichobaki ni kitambaa cha kichwa na mkono ulioshika kitabu cha nyimbo.

Asubuhi nilimwambia yule kijana ukweli, nikaenda mazishini na ukurasa wenyewe. Aliutazama kwa muda mrefu. Akasema, "Ni mkono wake." Hakuongeza neno.

Tangu hapo sijabandika kitu juu ya kitu. Kitabu cha tatu hakina maua wala gundi. Picha zimeshikwa kwa kona za karatasi, na nyuma ya kila moja nimeandika majina kwa penseli. Siku hizi simu inaleta picha mia kwa Jumapili moja, na zangu za mwaka mzima zilikufa na simu iliyoanguka kwenye ndoo. Sasa nachagua kumi kwa mwaka, napeleka studio zichapishwe.

Majina ndiyo yananisumbua. Mnaijua Makumbusho ya Kitale, tunakopeleka watoto kuangalia nyoka. Ilianza na mapenzi ya mtu mmoja, Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu na vitabu maisha yake yote, na alipofariki 1966 akaviachia taifa. Mkusanyaji wa wadudu hata kipepeo mmoja humwekea kikaratasi cha jina. Mimi nina picha ya watu 40 na majina kumi na mawili.

Ukurasa wa Pasaka uko wazi pale mezani, jinsi ulivyo. Sikuutengeneza. Ndugu wa Bungoma, mkijitambua upande ule wa kushoto, andikeni majina yenu kabla ya chakula. Na yeyote aliye na picha ya mwenzetu yule, soprano, mstari wa pili, aniazime niitoe nakala. Nitairudisha wiki hiyo hiyo, kwa mkono wangu, hata kama ni Chwele.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Penseli ni mbili tu, tafadhali msiondoke nazo.