Ukumbi wa Umma Hulindwa na Wanaoutumia

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wakazi wa wadi za magharibi mwa Nairobi katika kikao kuhusu kumbi za kijamii. Tunaichapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.

 

Swali mliloniletea ni hili: mtaani kukisikika kwamba ukumbi wa kijamii utafungwa, au kwamba kiwanja chake kitapewa mtu mwingine ajenge, mwananchi afanye nini? Mmeniomba nisijibu kwa siasa. Basi nitajibu kwa historia ya mji huu na kwa sheria tulizo nazo.

Kwanza tuelewane ukumbi ni wa nini. Hapa ndipo vyama vya kina mama hukutana na kugawana pesa zao. Hapa vijana hufanya mazoezi ya ndondi na ya maigizo, na kamati za mazishi na za harusi hukaa hapa. Watoto huja kusomea hapa jioni kwa sababu nyumbani hakuna meza. Familia inayoishi Gatina au Kangemi katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi haina sebule. Ukumbi ndio sebule yake. Anayeishi Kileleshwa akinyimwa ukumbi atakodi hoteli. Wa Kabiro atakutana na wenzake wapi? Kwa hiyo ukumbi ukifungwa, hasara haiwaangukii wote sawasawa.

Kumbi hizi pia zimebeba historia ya nchi. Kule Mashariki mwa mji, katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, kulikuwa na mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na kile cha Wahindi wa Afrika Mashariki. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akadai uhuru kamili. Tarehe 15 Mei mwaka huohuo alikamatwa, na hakuachiliwa hadi 1961. Neno ambalo serikali ya kikoloni haikutaka lisemwe lilisemewa ukumbini, kwa sababu mfanyakazi wa Nairobi hakuwa na mahali pengine pa kukutania.

Sasa nije katikati ya jiji, kwenye mfano ninaoutegemea zaidi leo. Ni bustani, si ukumbi, lakini kisa chake ni kilekile cha mali ya umma inayotakiwa na wengine.

Wengi wenu mmepumzika Jeevanjee Gardens, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu. Bustani ile ilitolewa zawadi kwa watu wa Nairobi mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kujenga jengo la maduka na maegesho ya magari mahali pale. Kumbukeni hali ya wakati huo. Tangu 1983 jiji lilikuwa likiendeshwa na tume iliyoteuliwa. Hapakuwa na diwani wa kumpigia kelele, na nchi ilikuwa bado ya chama kimoja. Mtu angesema hakuna la kufanya.

Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, hakusema hivyo. Alianza kampeni ya kuiokoa bustani, na Profesa Wangari Maathai akamuunga mkono. Wananchi wa kawaida, waliozoea kula chakula chao cha mchana pale, wakaunga mkono pia. Mpango ukaachwa. Leo bustani iko palepale, na Bunge la Mwananchi wamejadili mambo ya nchi chini ya miti yake kwa miaka mingi.

Miaka miwili kabla ya hapo, 1989, Profesa Maathai alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa Uhuru Park. Alianza kwa barua. Aliandikia afisi moja baada ya nyingine akiuliza maswali. Alitukanwa Bungeni, na shirika lake la Green Belt likafukuzwa katika afisi zake. Mwishowe jengo halikujengwa.

Nayachukua mambo matatu katika visa hivi. La kwanza, palikuwa na ukweli ulioweza kushikika: hii ni mali ya umma, ilitolewa kwa umma. La pili, palikuwa na watu walioitumia kila siku, na ambao wangeonekana wakiikosa. La tatu, walisema mapema, kabla jengo halijasimama. Pale ambapo mambo haya hayakuwapo, tulishindwa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 inaeleza jinsi ardhi za shule, masoko, hospitali na viwanja vya michezo zilivyogawiwa watu binafsi kote nchini, mara nyingi bila jirani kujua mpaka aone ua umezungushwa.

Leo tuna silaha ambazo watu wa 1991 hawakuwa nazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi ya umma iliyo mikononi mwa kaunti inashikiliwa kwa amana kwa niaba ya wakazi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi inaisimamia kwa niaba yao. Maana ya amana mnaijua. Mwenzako akikuwekea mbuzi wake, humuuzi bila kumwambia mwenyewe. Nayo Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi ya kutunza maktaba, mahali pa burudani na huduma za umma za aina hii.

Basi tufanyeje? Nitasema kwa utaratibu.

Tuanze kwa kujua karatasi za ukumbi ziko wapi. Ulizeni kama kiwanja kimepimwa, kina nambari gani, na hatimiliki ni ya nani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuuliza kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa atamwandikia. Kupeleka ombi hakulipiwi, labda gharama ya kutoa nakala tu. Afisa ana siku 21 za kukujibu. Ukinyimwa, peleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kisha fuateni bajeti. Kabla ya kufuli kuonekana mlangoni, mara nyingi ukumbi huwa umekwisha kufungwa kwenye karatasi za bajeti: mwaka huu hakuna pesa za paa, mwaka ujao hakuna mlinzi, mwaka wa tatu inaambiwa ni jengo bovu. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, Waraka wa Mkakati wa Fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Atakayekuja kulalamika mwezi wa Julai atakuta sufuria imeshaoshwa. Vikao vya kutoa maoni vikitangazwa, wadi yetu iwe na mtu aliyekaa pale, ameshika karatasi yenye ombi moja: paa la ukumbi wetu.

Jambo jingine ni dogo lakini lina uzito. Lipieni ukumbi kwa njia rasmi na mdai risiti. Mkimpa mtu pesa mkononi, mmeokoa muda kidogo, lakini kwenye vitabu vya kaunti ukumbi huo unaonekana hautumiki. Siku ya kupunguza matumizi, afisa wa fedha atatafuta jengo lisiloingiza chochote, na atalikuta letu. Vivyo hivyo wekeni daftari mlangoni. Kila kundi liandike tarehe, jina la kundi na idadi ya waliohudhuria. Daftari la mwaka mzima lina nguvu mbele ya kamati kuliko hotuba yangu hii.

Habari za kufungwa zikithibitika, andikeni ombi rasmi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki hiyo, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaeleza kwamba mkazi anaweza kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, na pia kwa serikali ya kaunti yenyewe. Andikeni ukumbi unaitwaje, uko wapi, nani wanautumia, mnaomba nini hasa. Sahihi ziwe za watu wa kweli wenye nambari za vitambulisho. Nakala mpe mwakilishi wadi na msimamizi wa wadi, na nyingine ibaki kwenu ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa. Kama ni kubadilishwa matumizi ya kiwanja, sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka umma ujulishwe. Ukiona bango au tangazo la aina hiyo, soma siku ulizopewa za kupinga, usizipitishe. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo, lakini iwe mlango wa mwisho.

Nataka pia tuwe waadilifu. Si kila kufungwa ni kunyang'anywa. Kuna wakati jengo limechoka na ni hatari kwa watoto wetu. Hapo tusisimame mlangoni tukazuia fundi. Tuulize maswali manne, tujibiwe kwa maandishi: Kazi inaanza lini? Itaisha lini? Pesa ziko kwenye bajeti ipi? Na makundi yatakutana wapi kwa muda huo? Mwenye nia ya kukarabati ana majibu. Asiye nayo atajulikana kwa ukimya wake.

Na wanaosema kaunti haina pesa, tuwaonyeshe maktaba ya McMillan pale Banda Street. Ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Leo ni mali ya umma, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Tangu 2018 shirika la Book Bunk limeshirikiana na kaunti kuzikarabati maktaba hizi. Mshirika ameleta pesa na ujuzi, na umiliki umebaki kwa umma. Mkipata mfadhili wa ukumbi wetu, mkataba uandikwe hivyo hivyo.

Ndugu zangu, kabla hatujatoka humu, naomba tuteue watu watatu: mmoja wa kuandika barua ya kuuliza hatimiliki, mmoja wa kufuata tarehe za bajeti, na mmoja wa kununua daftari la mlangoni. Daftari ni bei ya vikombe vichache vya chai. Nitakuwa wa kwanza kuandika jina humo.