Kikao Kipi Kinamfaa Anayeacha Pombe?

(Maneno ya mwalimu mmoja mbele ya mkutano wa Siku ya Wakimbizi, kambi ya Dzaleka, Malawi)



Nimeombwa niseme juu ya pombe. Nadhani Kamati ilinichagua kwa kuwa mimi ni mwalimu. Lakini ninayo sababu nyingine ya kusimama hapa, na wengi wenu mnaijua. Mmepata kunishika mkono kutoka kwa muuza kachasu hadi mlangoni kwangu, huku wanafunzi wangu wakitufuata nyuma, wakihesabu kwa sauti kila mara nilipojikwaa. Mimi ndiye niliyewafundisha kuhesabu.

Siku hizi mtu akisema anataka kuacha, tunamwambia, "Nenda kwenye kikundi." Hatumwambii kikundi gani. Nitasema juu ya hilo.

Kikundi cha kwanza nilichokwenda kilikuwa cha watu wema. Waliniombea, wakaniimbia, kisha wakataka nisimame nitoe ushuhuda wote. Nikautoa. Kesho yake asubuhi, kabla sijafika darasani, habari ya sufuria ya mke wangu niliyoiuza ilikwisha kufika bombani. Sikurudi tena. Nikanywa miezi 4 mingine, na kila aliyenishauri nilimjibu kwamba vikundi havisaidii. Nilikosea. Kimoja kilinishinda, nami nikavihukumu vyote.

Vikao vya namna hii vina historia. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikwenda mji wa Akron, Ohio, kwa shughuli za biashara. Mambo yakaharibika. Akabaki hotelini, mgeni katika mji, na baa iko papo hapo. Akashika simu akayapigia makanisa, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa Robert Smith, daktari wa upasuaji. Wawili hao ndio chanzo cha Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina. Hakuna ada, na sharti la kuingia ni moja: kutaka kuacha kunywa. Mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane walilinganisha tafiti nyingi, wakaona kwamba katika kumwezesha mtu kukaa bila pombe kabisa, kumwongoza aingie katika njia hiyo hakupitwi na tiba nyingine, na mara nyingi huzipita.

Kutotajwa jina hapa kambini, najua, ni jambo la kuchekesha. Ukipiga chafya, jirani wa tatu anakuombea afya. Basi tufiche maneno, kwa kuwa jina halifichiki. Uliza mapema: yanayosemwa humu yanaishia wapi? Wakisitasita, ondoka. Wakijibu vizuri, kaa usikilize tu. Kikundi kizuri hakimlazimishi mgeni kusema. Tazama kama kiongozi anaongea kuliko wote. Tazama lugha pia. Mimi nafundisha kwa lugha nne, lakini aibu yangu inatoka kwa moja tu. Na kama siri zinatunzwa, nenda mara tatu kabla hujakikataa, maana siku ya kwanza ni aibu inayokuamulia.

Mama zetu wana shida yao. Yupo anayepika pombe ili mtoto apate daftari, naye mwenyewe anaonja kila chungu mpaka amezoea. Atakaaje kikao kimoja na wateja wake? Akisema anaacha, wanapoteza mkopo wao; akinyamaza, amekuja bure. Kina mama wapewe kikao chao, saa ambayo jiko halijawashwa.

Lipo jambo moja msilichezee. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye akiikosa mikono inatetemeka, asiache ghafla peke yake. Katika siku za kwanza anaweza kushikwa na kifafa au kuchanganyikiwa akili, na wako wanaokufa. Aanzie zahanati. Kikao kitamngoja.

Wageni wetu wa mashirika, nanyi niwaombe, kwa heshima. Viko vikao vya wazi, ambako ndugu na wafanyakazi wanakaribishwa, njooni. Viko pia vya wenye tatizo pekee, na huko msitume mtu na karatasi ya mahudhurio. Najua ripoti inataka idadi. Tutawapa idadi, majina hapana. Na Bwana Mwenyekiti, tusaidie chumba mbali na ofisi ya Kamati, tena jioni ya siku ya mgao isiachwe wazi. Mtu mwenye fedha mkononi na kiu kooni hawezi kungoja mpaka Jumanne.

Kikundi changu cha sasa tuko 7. Mmoja wetu alirudi kunywa mwezi uliopita. Tulimwachia nafasi yake kwenye benchi, na Ijumaa iliyopita alikuja akaikalia, hakusema neno. Mimi natimiza mwezi wa 19. Tunakutana Jumanne na Ijumaa, jua likianza kushuka, katika darasa la mwisho upande wa miti. Chai ipo. Kikombe uje nacho.