Tusiombe Moto Kutoka Mbinguni

(Maneno ya katekista mbele ya waamini, siku ya Yubile ya parokia)



Baba Paroko ameniomba niseme machache juu ya safari ya waamini katika parokia yetu. Juu ya matofali na mabati, juu ya Mapadri waliofungua misioni na hesabu ya wabatizwa, wengine wamekwisha kusema, tena vizuri. Mimi nitasema juu ya jambo ambalo hatupendi kulitaja siku ya furaha: chuki ya wakristu juu ya wakristu.

Injili ya Luka, sura ya 9, inatueleza namna Wasamaria walivyokataa kumpokea Yezu kijijini mwao. Yakobo na Yohane, mitume wateule, wakataka kuomba moto ushuke uwateketeze. Yezu akageuka, akawakaripia. Kiisha wakaenda kijiji kingine. Lakini sisi tumekaa karne nyingi tukiuomba moto ule.

Katika inchi yetu uliwaka hata mashuleni. Mwaka 1906 Leopold II alipatana na Roma: misioni katolika zipewe mashamba, nazo zifungue mashule. Tulipata faida kubwa, wala sitaikana. Mimi mwenyewe nimekula mkate wa seminari ndogo. Lakini mashule ya Waprotestanti yalingoja mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili kupata msaada wa serikali. Watoto wa ukoo mmoja walipita njia mbili kila asubuhi, na wengi wao walifundishwa kwamba yule wa njia ya pili anakwenda motoni.

Tena kuna habari ya Simon Kimbangu. Mwaka 1921, huko Nkamba katika Kongo ya Chini, mtu huyu aliyefundishwa dini na Wabatisti alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa. Aliwaambia watu watupe sanamu za uchawi na waache ndoa ya wake wengi. Hakuua mtu. Wamisionari wengi, na wetu Wakatolika walikuwa kati yao, waliingiwa na hofu, wakataka serikali itumie nguvu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule alihukumiwa kufa. Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu, wengine mpaka Lowa, kando ya mto Lualaba, kati ya watu wanaosema lugha yetu hii. Sisemi kwamba mafundisho ya Kanisa lao ni sawa na yetu. Sivyo, tena katika mambo makubwa. Lakini miaka 30 gerezani si mafundisho.

Na sisi tunaye Isidore Bakanja, fundi mwashi aliyebatizwa mwaka 1906. Mzungu mmoja wa shamba la kampuni, mtu wa inchi ya kikristu, aliwachukia Mapadri; akaamuru apigwe kwa kiboko chenye misumari, sababu alikataa kuvua skapulari yake. Vidonda vilioza miezi mingi. Mbele ya kufa, tarehe 15 Agosti 1909, alisema kwamba amemsamehe mzungu yule na kwamba atamwombea mbinguni. Mwaka 1994, nilipokuwa seminarini, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri. Tuliimba sana siku ile. Niliimba kwa sauti kubwa kuliko wenzangu.

Sasa nitasema la kwangu.

Shangazi yangu alifiwa na mtoto, akahamia kanisa lingine, sababu watu wa kule walikuja kulia pamoja naye mbele yetu. Naye alipokufa, jamaa walinituma mtu: njoo uongoze sala japo usiku mmoja. Nikajibu kwamba ametoka zizini. Hakuna Padri aliyenikataza, ndugu zangu, nilijikataza mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kusoma agizo la Mtaguso wa Vatikano wa Pili la mwaka 1964 juu ya umoja wa wakristu, na ningaliweza kulieleza vizuri katika mtihani. Kilio kilikuwa karibu na nyumba yangu. Niliketi nikiandika majina ya wakatekumeni, nikasikia nyimbo. Zilikuwa zile alizonifundisha yeye, mbele ya Komunyo yangu ya kwanza.

Mwaka 2000 Papa aliomba msamaha hadharani, pale Roma, sababu ya dhambi za wana wa Kanisa. Mimi nilichelewa zaidi. Nilikwenda kwa watoto wa marehemu mwaka jana tu, na mikono mitupu. Mkubwa wao alinipa kiti, hakusema neno muda mrefu.

Leo wako watatu hapa, katika benchi ya nyuma, karibu na mlango. Ni mimi niliyewaalika. Chakula kikiwa tayari nitakwenda kuwachukua. Ninyi wa meza za mbele, naomba mtusogezee nafasi.