Limfoma Inapojificha Ubongoni

Ubongo una kizuizi kinachochuja yatokayo kwenye damu, na askari wa kinga huingia humo kwa uchache. Limfoma, saratani ya chembe hizohizo za kinga, ikianzia humo hupata maficho. Kwa anayeishi na VVU ambaye chembe zake za kinga za CD4 zimeshuka chini ya 50 kwa mikrolita ya damu, kirusi cha Epstein-Barr, ambacho wengi wetu tunacho kimelala tangu utotoni, huweza kuamka na kuzichochea chembe za kinga aina ya B zizaliane ovyo. Mtu huchanganyikiwa, huanguka kifafa, hulegea upande mmoja. Jirani atasema karogwa. Nyinyi mpelekeni hospitali. Tena msimpe steroidi kiholela: huweza kuusinyaza uvimbe kwa muda, na kinyama chake kikipimwa kisionyeshe kitu. Dawa za VVU, ARV, zikimezwa bila kukatizwa hupunguza sana hatari hii.